Pasta wetu anatimiza mwaka tangu alale, tumkumbuke vipi kwa namna inayomfaa?

mkwaya_Hoima
Bwana asifiwe wapendwa. Mimi niko Hoima mjini, Uganda, ila kanisa letu liko Kyangwali kwenye kambi ya wakimbizi, ibada ya Kiswahili, wengi wetu tulivuka ziwa Albert tukitokea Ituri kule Kongo vita ilipochacha. Mwezi ujao tunafanya kumbukumbu ya mwaka ya mzee wetu pasta na kamati imegawanyika. Kuna wanaotaka kaburi liwekwe tailizi na picha, kitenge cha sare chenye sura yake, hema, spika kubwa, wali na nyama. Wengine wanasema mzee angekataa hayo yote. Mimi niko katikati maana naogopa tukinyamaza watoto wetu hawatamjua kabisa. Huyu ni mtu ambaye kila Jumamosi alikuwa anazunguka na beseni, sabuni, kibiriti na pini kutoa wazee funza, anakaa chini kwenye mkeka, mguu wa bibi uko kwenye goti lake, anatoa mmoja mmoja polepole huku anauliza habari za wajukuu, akimaliza anampaka vaselini na kumtafutia ndala. Na bibi mwenyewe si hata wa kanisa letu. Hajawahi kuitaja hiyo kazi madhabahuni hata siku moja. Nyie wa kwingine mlifanyaje?

binti_wa_pasta
Pole sana ndugu yangu. Naandika kama mtoto wa mchungaji, na kabla ya hema na kitenge naomba kuuliza, mama mjane wa pasta yuko wapi? Analala kwenye nyumba ya nani? Nyumba ya mchungaji ni ya kanisa, na pasta mpya akija na familia yake anahitaji pa kukaa, hiyo inaeleweka. Sisi msiba wa baba ulijaa watu, hotuba mpaka giza linaingia, kila anayeshika maiki anasema alikuwa mtumishi wa kweli, halafu baada ya miezi michache mama anaambiwa kwa upole kabisa aanze kutafuta pa kwenda. Hakuna aliyemtukana. Lakini mama alihama na magodoro juu ya pikapu ya kuazima, na wale wa maiki sikuwaona.

Kingine, hakikisheni kifo kimeandikishwa NIRA, ile ofisi ya vitambulisho na usajili, mpate cheti. Kama mzee aliacha chochote benki au kwenye sako, mtahitaji barua ya kusimamia mirathi kutoka mahakamani, na mara nyingi kabla ya hapo mnapitia ofisi ya Administrator General, ile ya serikali inayoshughulikia mali za marehemu, itoe barua ya kutokuwa na pingamizi. Ni mzunguko unaochosha, mjane peke yake hawezi. Mpeni kijana anayejua maofisi atembee naye, na nauli itoke kwenye hiyo hela ya hema.

mzee_Bundibugyo
Wanangu, nyie mmetoka Ituri halafu mnauliza mtumishi anakumbukwaje? Boga si ni kwenu! Apolo Kivebulaya, mwinjilisti wa Kianglikana, alikuwa Mganda, alitumwa Toro huku magharibi mwa Uganda kisha 1896 akaenda huko Boga, ndiyo Mboga ya zamani, upande wa pili wa mto Semliki. Walimu waliomtangulia walishindwa kwa sababu ya njaa, chifu Tabaro hakutaka walishwe. Apolo akashika jembe akalima chakula chake mwenyewe. Baadaye mtu wa jamaa ya chifu akafa kwa ajali ya mkuki kwenye kazi ya ujenzi, Apolo akasingiziwa kuua, akapelekwa Toro akafungwa, alipoachiwa akarudi kwa watu walewale, na Tabaro huyohuyo akaja kuamini. Hakuoa. Uzeeni bado alikuwa anaingia msituni kwa Wambuti, wale wawindaji wa msitu wa Ituri, na Injili ya Marko ikatafsiriwa kwa lugha yao.

Alifariki Mei 1933 palepale Mboga. Tunavyosimuliwa sisi huku, aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kwa sababu kazi ilikuwa bado iko upande huo. Kwa hiyo mimi nauliza kamati, kazi ya mzee wenu ilikuwa inaelekea wapi? Ile beseni iko kwa nani sasa hivi?

wa_Kitgum
Nawaheshimu nyote ila msidharau kaburi. Askofu mkuu wa Kianglikana Janani Luwum alipouawa Februari 1977 serikali ya Amin ilizuia mwili, watu wakajaa kanisa kuu la Namirembe, Kampala, kaburi limeshachimbwa na hakuna wa kuzika, wakasimama pale wanaimba. Mwili ulipelekwa kwao Mucwini, huku kwetu Kitgum, ukazikwa huko. Leo tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa na watu wanakuja Mucwini kuhiji, wengine kwa miguu safari ya siku nyingi. Mtoto akiuliza hapa kalala nani, ndo mazungumzo yanaanza. Wekeni saruji nzuri, jina na miaka, inatosha, mvua isije ikafuta mahali. Tailizi na picha ndo sioni faida yake.

Halafu rekodini wazee wakiwa hai. Simu ya kawaida tu, kaa na yule bibi aongee kwa lugha yake, msimkatize.

nasi_wa_zahanati
Mzee Bundibugyo kauliza beseni, na mimi nijibu upande wangu. Kama vijana wataichukua hiyo kazi, na natamani sana waichukue, pini isipite kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, damu ni damu. Kuchoma kwa kibiriti hakutoshi. Kuna mafuta ya dimetikoni yanapakwa juu ya funza anakufa bila kuchokolewa, ulizeni kituo cha afya kama yapo. Wenye vidonda wapelekwe wakapate chanjo ya pepopunda. Na mnyunyizie maji sakafu za udongo kabla ya kufagia, mkandike zile zenye nyufa, nguruwe na mbwa wasilale ndani, maana ukitibu mguu ukaacha vumbi lilelile mtakuwa mmerudi hapohapo wiki ijayo.

mkwaya_Hoima
Asanteni, nimesoma yote kwa sauti kwenye kikao cha jana. Kitenge kimeondolewa. Saruji, jina na miaka imepita. Mama bado yuko nyumba ya kanisa, na kusema kweli hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu, kwa hiyo Jumatano wazee wawili na mama mmoja wa kamati wanaenda kukaa naye wamsikie yeye kwanza. Beseni iko kwake, chini ya kitanda, na pini ziko ndani ya kopo la maziwa. @nasi_wa_zahanati naomba nikuandikie inboksi, vijana sita wamejiandikisha na wanataka kufundishwa kabla ya Jumamosi.