Kuharakisha CT ya fezi: tunda la kahawa linaninywea juu ya meza

Mtoto_wa_Kibosho
Wakuu, heshima kwenu. Niko Ujerumani kimasomo ila kichwa kiko migombani. Napiga CT (picha za pembe nyingi zinazounganishwa kuwa umbo la 3D) ya eksirei za fezi (zinazoonyesha jinsi wimbi linavyopinda, si linavyofyonzwa tu) kwenye matunda mabichi ya kahawa, nione njia za ruhuka, mdudu anayetoboa kahawa, ndani ya mbegu bila kupasua kitu. Eksirei za kawaida hazinisaidii: buu na nyama ya mbegu vinanitokea rangi moja.

Mtambo ni Talbot-Lau: gretingi tatu (vichana vya mistari myembamba sana) na tyubu ya kawaida ya eksirei. Kila pembe nasogeza gretingi moja hatua 7, kila hatua picha ya sekunde 1, na fezi inatoka kwenye jinsi mwanga unavyobadilika hatua kwa hatua. Pembe ziko 800. Hizo ni picha 5,600, dakika 93 za mwanga tupu. Kinachoniua ni mota: isogee, itulie, sekunde 1.5 kila mara. Jumla karibu saa 4! Hapo tunda limeshanywea, pembe ya 0 na ya 360 hazikutani.

Nikageuza mpangilio: gretingi itulie, meza izunguke mzunguko mzima bila kusimama, ndipo nisogeze hatua moja. Mota inasimama mara 7 tu, raha. Lakini hatua ya 1 na ya 7 zikawa za matunda mawili tofauti. Nifanyeje?

Pamba_Mbichi
Kabla ya hesabu zote, dada, funga tunda kwenye kichupa cha plastiki chenye pamba iliyoloweshwa. Sisi wa mimea tunafanya hivyo kila siku.

Mzee_wa_Detekta
Ongezea hapo: achana na kusimama. Kila pembe piga picha moja tu, hatua ibadilike pembe inapobadilika. Pembe ya kwanza hatua ya 1, ya pili hatua ya 2, kisha fezi unaikokotoa kwa kuazima picha za pembe jirani. Irene Zanette na wenzake waliichapisha 2011.

Ila usifanye hivyo na pembe zako 800. Zimeachana digrii 0.45, kwa hiyo hatua 7 zinafunika digrii 2.7. Katikati ya tunda hutaona shida. Pembezoni, kama nusu upana ni mm 7, kitu kimeshahama theluthi ya milimita, na ruhuka mwenyewe ana kama mm 1.5. Punguza hatua ziwe 4, pembe ziwe 2,400. Uhamaji pembezoni unashuka hadi mm 0.055, na mwanga ni dakika 40.

Kaka_Programu
Kwa nini asitoe gretingi zote? Picha moja kila pembe, detekta irudi nyuma, kisha chujio la Paganin la 2002 (hesabu inayotoa fezi kwenye picha moja). Tunda ni karibu kitu cha aina moja, linafaa.

Mzee_wa_Detekta
Linafaa kwa tyubu ya doa dogo (doa ni pale eksirei zinapotokea). Yake ina doa kubwa, ndiyo maana kuna gretingi ya kwanza pale. Ukizitoa unabaki na ukungu.

Mtoto_wa_Kibosho
Mzee, mota nayo isisimame kabisa? Kipindi cha gretingi (mstari hadi mstari) ni mikromita 5. Hatua 4 kwa kila kipindi, picha 2,400, ni vipindi 600, mm 3 tu za safari.

Mzee_wa_Detekta
Iache itembee. Kila picha itachanganya robo ya kipindi, utofauti wa mistari ya mwanga na giza utashuka kama 10%, na hiyo utaivumilia. Usisahau kupiga skani tupu, bila tunda, kwa safari ileile ya mm 3, maana gretingi haifanani kote.

Mtoto_wa_Kibosho
Mrejesho wa jana usiku: dakika 41, pamoja na kichupa cha Pamba_Mbichi. Ganda limekutana sawasawa, na njia ya ruhuka naifuata kuanzia kitovuni hadi ndani ya mbegu. Ila kuna sehemu moja imefifia, mwisho wa njia pale pale, wakati kuta zake ni kali kabisa. Nikadhani ni gretingi. Nimepasua tunda asubuhi: buu mzima, anajinyonganyonga. Kumbe wakati wote nilikuwa nampiga picha anakula.

Pamba_Mbichi
Friji, dada. Nusu saa kabla ya skani.