Tuliowahi kugonga mlango wa ushauri nasaha chuoni, tupeane uzoefu

Kitenge cha Sae
Wakuu habari za jioni. Leo nimemsindikiza mdogo wangu kuripoti chuo hapa Mbeya. Yuko kwenye foleni ya usajili, mimi nikaona kibao: USHAURI NASAHA, mshale unaelekea nyuma ya jengo, kwenye vyoo. Nikacheka peke yangu. Enzi zetu mlango ule ulitazamana na dirisha la kusaini bumu, ile hela ya mkopo. Huingii, darasa zima linakutumbulia macho. Na bumu likichelewa ndipo unapouhitaji. Nilizunguka lile jengo mara tatu na daftari kwapani kama naenda maktaba. Aliyewahi kuingia atiririke.

Bajaji ya Kabwe
Naweka kambi hapa.

Ulanzi Baridi
Kamwene. Kwetu Iringa shida ilikuwa jina lenyewe. Ukionekana unatoka ushauri nasaha, umekwenda kupima ngoma, yaani VVU, basi. Mama alikuwa amefariki mwezi ule, nikatoka pale macho mekundu. Kufika bwenini kimya, mmoja ananiuliza kwa upole, "Dozi umeshaanza?" Wiki nzima sahani yangu iliwekwa peke yake.

Dona Safi
Ushauri gani? Mtu akizidiwa na mawazo asali, ale ugali, alale. Na nyie wa Iringa hasira zenu zinajulikana.

Ulanzi Baridi
Mkuu, nimeandika nilifiwa. Hasira imetoka wapi?

Bajaji ya Kabwe
Dona, si wewe uliyedisko, ukaondolewa chuo kwa kufeli, mwaka wa pili ukasema umelogwa?

Ngosi
Haya sijamwambia hata mke wangu. Mwaka wa pili, Juni. Supu tatu, yaani mitihani ya kurudia, na baba ameshauza ng'ombe kwa ajili ya ada. Usingizi ukanihama. Nilikuwa nalala chali nasikiliza malori ya Tunduma yanavyopanda, nayahesabu mpaka adhana. Chakula kikawa kama karatasi. Wenzangu wakasema najidai msomi.

Usiku mmoja saa nane nikatoka, kandambili na shuka, nikashika barabara kuelekea Uyole. Baridi ya Mbeya ya Juni mnaijua. Sikuwa na safari, na sikuwa na mpango wa kurudi. Karibu na Uyole kuna mama alikuwa anawauzia madereva chai. Akaniita: "Mwanangu, viatu viko wapi?" Nikashindwa kujibu. Akaniwekea chai ya tangawizi, akanisogeza kwenye jiko la mkaa, akaendelea kukanda unga wa chapati. Hakuuliza kitu kingine. Alfajiri ndiyo akaomba namba ya mtu wangu. Rumeti, mwenzangu wa chumba, akaja na bodaboda, kabeba koti na soksi zisizofanana, akanipeleka moja kwa moja kwa mnasihi kabla sijaoga.

Nilitegemea mahubiri. Yule dada akauliza, "Mara ya mwisho umekula lini?" Kisha akasema maneno matupu hayatoshi, akaniandikia barua ya hospitali ya rufaa. Dawa wiki mbili za kwanza sikuona kitu, nikataka kuzitupa, ila daktari alishanionya zinachukua wiki kadhaa. Alhamisi nilikuwa narudi kwa yule dada. Supu mbili nilitoboa, moja nikairudia mwaka uliofuata.

Bajaji ya Kabwe
Dah. Nipo kazini nafuta macho.

Kalamu Mbili
Wewe ulibahatika. Mnasihi wetu alikuwa pia mwalimu wetu. Jumatatu nimemmwagia yote, Jumatano ananiita mbele ya darasa niwasilishe. Niliganda. Naomba vyuo vitenganishe hizi kazi, huwezi kumlilia anayekusahihishia testi.

Parachichi
Msinipige mawe. Mimi nilienda kuigiza ili niahirishe mtihani. Maswali matatu tu, nikajikuta nalia kwelikweli.

Kalamu Mbili
Kwa ajili yenu wanaoumwa kweli wanaambiwa wanatafuta kuahirisha.

Parachichi
Nimesema nililia, dada. Soma mpaka mwisho.

Mlezi Mstaafu
Nendeni wiki za mwanzo wa muhula. Wiki ya mitihani foleni ni ndefu na mnasihi mwenyewe amechoka. Na nendeni peke yenu.

Ulanzi Baridi
Peke yenu? Ngosi angeenda peke yake angefika? Nendeni na mtu, tena mwenye bodaboda.

Bajaji ya Kabwe
Na leso yako. Tishu za pale ni za kuonyesha wageni.

Dona Safi
Ngosi, yule mama bado yupo? Nina safari ya Uyole Jumamosi.

Ngosi
Kibanda kilivunjwa wakati wa upanuzi wa barabara. Nimeulizia mara mbili, wengine wanasema Igawilo, wengine Inyala. Ukimpata, chapati zake zilikuwa nene, na anafunga kilemba upande.

Dona Safi
Nitaulizia.

Kitenge cha Sae
Dogo kamaliza usajili, kaniuliza nilikuwa nacheka nini kwenye kile kibao. Nimemwambia vyoo viko upande ule.