Alama za kumbukumbu zimepanda ilhali theluthi ya wazee hawakurudi: nichambueje?

Swali (mwanafunzi wa uzamili)

Habari za kazi, wanajukwaa. Ninafuatilia wazee wa miaka 60 na kuendelea katika vijiji kadhaa vya mkoa wa Kilimanjaro, nikipima kumbukumbu na uwezo wao wa kujihudumia. Tumemaliza awamu ya pili, miaka miwili baada ya ile ya kwanza, na karibu theluthi ya wazee hatukuwapata. Kinachonitatiza ni kwamba wastani wa alama za kumbukumbu umepanda, ilhali nikikaa nao barazani naona wazi kuwa wamechoka kuliko zamani. Nimeshauriwa niwaondoe wasiorudi kwenye uchambuzi na kuandika tu kuwa “hawakupatikana”. Je, inatosha?

Jibu la 1 (mtakwimu)

Haitoshi, na huo wastani uliopanda ndio unaokusaliti. Chukua wazee wanne waliopata alama 24, 22, 20 na 10, ambao wastani wao ni 19. Baada ya miaka miwili kila mmoja ameshuka alama moja, lakini yule wa 10 hakuonekana. Waliobaki wana 23, 21 na 19, yaani wastani wa 21. Hakuna hata mmoja aliyepata nafuu, na bado jedwali lako linasema kijiji kimenoa akili. Ongeza hapo mazoea ya jaribio lenyewe, kwani mzee aliyewahi kusomewa orodha ya maneno ayakumbuke hababaiki tena anaposomewa mara ya pili.

Theluthi isikutie aibu. Utafiti wa Lothian huko Scotland, unaofuatilia watu waliozaliwa 1936, ulianza na washiriki 1,091 walipokuwa na miaka 70 hivi. Kufikia miaka 79 walikuwa wamebaki 550, na hiyo ni nchi ambayo kila nyumba ina anwani. Linganisha kwanza alama za awamu ya kwanza za waliorudi na za wasiorudi, uone ni nani hasa waliokuponyoka.

Jibu la 2 (mkusanya takwimu vijijini)

Mtaalamu amesema kweli, ila mimi ningeanzia kwenye daftari kabla ya kufika kwenye kompyuta. Niliwahi kumaliza siku nzima nikimtafuta bibi mmoja aliyeandikwa kwa jina lake la ubatizo, jina ambalo hata jirani yake hakulijua, kwa sababu kijiji kizima kilimwita Mama Fulani kwa jina la kifungua mimba wake. Nilikuwa nimempita mara mbili, nikampa shikamoo, naye akaniitikia marahaba huku akimenya ndizi kibarazani. Laiti jioni hiyo mwenyekiti wa kitongoji asingenishika mkono kunirudisha pale, leo angehesabiwa miongoni mwa waliopotea.

Angalia pia neno “amekataa”. Mara nyingi anayekataa ni mtoto wa mzee, anayesimama mlangoni na kusema mzee amepumzika, kwa kuwa ameanza kusahau majina ya wajukuu na familia haitaki mgeni ayaone hayo. Mzee mwenyewe hakuulizwa kabisa. Wengine hukimbia uchotaji wa damu tu, na wangekubali mazungumzo bila sindano kama wangepewa nafasi ya kuchagua. Namba ya simu nayo isikudanganye, maana nyingi ni laini za wajukuu ambao wamekwisha hamia mjini. Andika jina la nyumbani, jina la balozi wa nyumba kumi, na ndugu wawili wanaoishi nyumba tofauti. Aliyekataa mwenyewe kwa kinywa chake, hata hivyo, mwache. Ridhaa aliyoitoa anaweza kuiondoa.

Jibu la 3 (mtafiti wa afya ya wazee)

Ningependa kuongeza suala la vifo, ambalo naona limechanganywa na utoro. Mzee aliyehamia kwa binti yake Arusha bado ana kumbukumbu ambayo hatukuipima. Aliyefariki hana, na kumkadiria alama za mwaka ambao hakuufikia ni kumfufua kwenye jedwali. Watenganishe. Ule utafiti mkubwa wa afya na kustaafu wa Marekani, ulioanza 1992, humhoji ndugu wa karibu pale mshiriki anapofariki, na humruhusu ndugu kujibu kwa niaba ya mshiriki aliye hai asiyejiweza. Utafiti wa HAALSI wa Afrika Kusini uliwachukua watu wake 5,059, wenye miaka 40 na zaidi, kutoka eneo la Agincourt, ambako kaya zimekuwa zikihesabiwa mara kwa mara tangu 1992, kwa hiyo habari za kifo au kuhama hazimtegemei mhojaji peke yake.

Kwa walio hai wasiopatikana, wape waliorudi uzito kwenye hesabu, mkubwa zaidi kadiri uwezekano wa mtu wa aina yao kurudi ulivyokuwa mdogo, kisha rudia hesabu ukidhani kwamba waliopotea walishuka zaidi ya waliobaki. Matokeo yakigeuka, liseme hilo waziwazi kwenye tasnifu.

Muuliza swali

Ahsanteni sana. Jana usiku nilifungua madaftari upya, na kwenye kurasa nyingi zilizoandikwa “amekataa” sahihi ya mhojaji inafuatiwa na maneno “kwa maelezo ya mwanawe”. Jumatatu narudi vijijini pamoja na mabalozi, na safari hii nitaomba kuketi na wazee wenyewe.