Tupeane uzoefu: dawa za kifafa zimewabadilishaje vijana wetu?

Habari za jioni ndugu zangu. Niko Ujiji, mwanangu ana miaka 13. Alianza fenobabitoni akiwa na miaka 9. Kuanguka kulipungua sana, namshukuru Mungu. Lakini darasani alikuwa analala mpaka mate yanalowesha daftari, na nyumbani hatulii, hasira juu. Mtoto mpole yule, siku moja alirusha sahani ya ugali na migebuka uani, kisa mdogo wake kamgusa mkono. Nilimchapa. Nilimchapa mara nyingi, na hilo linaniuma mpaka leo.

Nesi wa kliniki ndiye aliyeniuliza, "Mama, tabia hii ilianza lini?" Kuhesabu, wiki ya 2 ya dawa! Akanieleza kuwa dawa hiyo watu wazima huwalegeza, ila watoto wengine huwachachamaza. Daktari akamhamishia dawa nyingine taratibu, mpya ikipanda huku ya zamani ikishuka. Wenzangu, ninyi mmepitia nini?

Kijana wa Kasulu: Pole mama. Mimi natumia kabamazepini. Nilipoanza, nikishameza asubuhi, baada ya muda naona baiskeli mbili barabarani kumbe ni moja. Daktari akanigawia dozi kidogo kidogo kwa siku, ikatulia.

Dada wa Nzega: Mimi fenitoini. Waliniongezea kidogo tu, nikaanza kupepesuka, ulimi mzito, macho yanachezacheza. Majirani wakasema nimeanza pombe, na mimi pombe sijawahi kuionja. Nilivyoelezwa, dawa hii nyongeza ndogo yaweza kuipandisha sana kwenye damu. Wakapunguza, nikatembea vizuri. Fizi ndiyo bado zimevimba.

Fundi cherehani, Tabora: Valproeti, mikono inatetemeka, kutunga uzi tabu. Wasichana, ulizeni mapema habari za mimba, dawa hii huweza kumdhuru mtoto tumboni.

Kaka mtu, Urambo: Jamani msiache ghafla. Mdogo wangu aliacha kimyakimya kwa sababu ya usingizi darasani. Siku ya 3 akaanguka, na kabla hajazinduka akaanguka tena, na tena, mpaka tunamfikisha hospitali kwa bodaboda tumembana katikati. Yu hai. Angesema tu kwamba dawa inamchosha, tungemrudisha kliniki.

Mama wa Ujiji: Pole sana kaka. Mimi sasa naandika kwenye daftari saa aliyomeza na alivyoshinda, kliniki wanalisoma. Dada wa Nzega, fizi unazisafishaje? Binti wa jirani yangu naye yuko kwenye fenitoini, anaona aibu kucheka.