Tangi la maji ya chumvi Kisumu linafika digrii 30, nifanye nini?

zoa_migosi
Wadau hamjambo. Niko Kisumu, nina tangi la lita 200 la maji ya bahari, ndani kuna mawe, samaki klauni wawili na matumbawe laini ya kuanzia, zile aina zinazoitwa zoa na uyoga basi. Mambo yalikuwa sawa kabisa mpaka hii jua ilipoanza, sasa mchana kipimajoto kinasoma 30 na usiku kinashuka kidogo tu. Zoa zimejifunga hazitaki kufunguka na samaki wanakaa juu juu wakihema haraka. Dukani wameniambia dawa ni chila, ile mashine ya kupoza maji, lakini bei yake inakaribia tangi na taa zote pamoja. Jirani naye ananiambia nitupe barafu ndani. Nishike lipi? Halafu stima huku inapotea ovyo hasa mvua ikinyesha. Hawa viumbe nawapenda sana, sitaki kuwapoteza.

lakeside_rif
Pole sana dada. Anza na hao samaki, hayo matumbawe yanaweza kungoja mpaka kesho. Samaki akihema juu ya maji ujue oksijeni imepungua. Maji yakipata moto hayashiki hewa vizuri, ya chumvi ndio kabisa yanashika kidogo kuliko ya ziwa, halafu kumbuka sisi hapa tuko mita 1,100 na kitu juu ya bahari, hewa ni nyepesi kama asilimia 12 au 13 hivi kuliko Mombasa. Kwa hivyo unachosoma kwa video za watu wa pwani na majuu, kwamba 28 si neno, huku kinakubana zaidi.

Sasa hivi, kabla hata hujamaliza kusoma hii, geuza pampu moja iangalie juu mpaka uso wa maji uvunjike uanze kucheza. Toa kifuniko cha kioo uweke wavu maana klauni huruka. Taa punguza masaa, na uwashe jioni jua likishatulia.

Barafu usitupe ndani tafadhali. Ni maji ya mfereji hayo, yana klorini, yatakupunguzia chumvi na kushusha joto ghafla, na matumbawe yanachukia ghafla kuliko yanavyochukia joto lenyewe. Ukibanwa kabisa gandisha maji kwa chupa ya soda, funga kizibo vizuri, ielee ndani kidogo halafu utoe.

lakeside_rif
Nimesahau feni, na ndio jibu lako la kweli. Feni ndogo ya mezani, ilenge ipulize juu ya maji kwa mshazari, sio kwa kioo. Lita moja ikipotea kwa mvuke inabeba joto la kushusha tangi lako la lita 200 karibu digrii 3. Hutaziona zote tatu kwa sababu chumba nacho kinaendelea kulipasha, lakini feni itakuletea unafuu mkubwa kwa bei ya chini sana. Siku zile za unyevu kabla ya mvua haitavuta sana, hapo fungua madirisha hewa ipite.

chumvi_na_baridi
Salamu kutoka Nakuru. Sisi huku tunalia kinyume, usiku baridi inashuka mpaka hita haizimi, kwa hivyo chila sijawahi kuhitaji. Nakubaliana na feni lakini naomba niongeze kitu ambacho watu wengi hawaambiwi. Feni ikifanya kazi maji yanapungua kila siku, na kinachopotea ni maji peke yake, chumvi inabaki. Tangi la lita 200 likipoteza lita 10 bila kujazwa, chumvi inatoka 35 mpaka karibu 37 kwa kila elfu. Kwa hivyo unajaza na maji yasiyo na chumvi, kidogo kidogo asubuhi na jioni, na yawe ya RO, yaani yaliyochujwa madini yakatolewa. Chora alama kwa kioo na kalamu ya maka, maji yasishuke chini ya hapo.

Ya kisima usitumie hata kama yanaonekana safi. Maji ya huku Bonde la Ufa yana floraidi na madini mengi, kila ukijaza unaongeza mengine na hayana pa kutokea, mwisho unapata mwani wa kahawia kila mahali. Ukinunua kwa hizi duka za kujaza mitungi, nenda na kipimo chako cha TDS, kile cha kupima madini yaliyoyeyuka majini, kisome sifuri au karibu na sifuri, wengine wanachelewa kubadilisha filta.

kakamega_mgeni
Samahani naingilia, mimi bado najifunza. Hiyo ya Nakuru imenifanya nijiulize, kwani ziwa Nakuru si lina chumvi, mtu hawezi kuchota huko akaokoa pesa ya chumvi ya paketi?

chumvi_na_baridi
Hapana ndugu, na umefanya vizuri kuuliza. Ile ni magadi, pH yake inacheza kwa 10, bahari iko 8.1 mpaka 8.4. Samaki wa bahari hamalizi siku humo. Tena matumbawe magumu yanajenga mifupa kwa kalsiamu, maji ya bahari yana kama miligramu 420 kwa lita, na kwa maji ya magadi kalsiamu inaganda inakuwa chokaa, haibaki ya kutumika. Chumvi ya mezani pia hapana, ni sodiamu kloraidi tu. Nunua ya akwariamu, na usianze kuweka samaki mpaka amonia na naitraiti, zile sumu za tangi jipya, zisome sifuri, hapo ni wiki nne mpaka sita kwa kawaida.

Na ukienda pwani usije ukang'oa tumbawe ukaweka kwa ndoo. Malindi na Watamu ni hifadhi tangu 1968, na matumbawe magumu yote yako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Miamba yetu iliumia sana na joto la 1998, tuiache ipone. Tafuta vipande vilivyokuzwa kwa matangi ya watu.

zoa_migosi
Asanteni sana jamani, Mungu awabariki. Nimegeuza pampu na feni iko juu, samaki wameshuka chini wanazunguka kawaida na kipimajoto kinasoma 27 na nusu. Zoa chache za upande wa kushoto zimeanza kutoa vidole. Sasa stima ikipotea usiku je?

lakeside_rif
Furaha sana kusikia hivyo dada. Tafuta ile pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe stima ikienda, wavuvi wa chambo hutumia za aina hiyo. Pesa ikipatikana weka betri na invata, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa stima, kwa pampu moja ya mawimbi tu, feni na taa ziache. Kama una filta ya kopo iliyofungwa na imekaa masaa mengi bila stima, usiiwashe hivyo hivyo, maji ya ndani yameshaoza. Ifungue, mwaga, suuza sponji na maji ya tangi, ndio urudishe.

chumvi_na_baridi
Na upime chumvi leo kabla hujajaza, na refraktomita, kile kipimo cha chumvi, kama unayo. Tuwekee namba hapa, tunataka 1.025 au 1.026, huo ni uzito wa maji ukilinganisha na maji yasiyo na chumvi, karibu sawa na ile 35 kwa kila elfu. Ikiwa imepanda juu ya hapo ishushe kwa siku mbili tatu, si kwa mkupuo mmoja.