Nimeandika "kakao ya haki" kwenye pakti na mkulima mwenyewe simjui. Nifanyeje?

BintiMtambwe (Jang'ombe, Unguja)

Assalamu alaykum jamani. Nina suali linaloninyima usingizi siku ya tisa leo, na ningependa anijibu mtu aliyeishika kakao kwa mkono wake.

Natengeneza chokoleti nyumbani, huu mwaka wa tatu. Nanunua punje kavu kutoka bara, nazikaanga kwenye oveni kwa nyuzi 120 kiasi cha dakika 25, nazipepeta kwa ungo wa marehemu bibi yangu kuondoa maganda, halafu nazitia kwenye mashine ndogo ya mawe inayosaga saa 48 bila kusita. Umeme ukikatika katikati, chokoleti inagandia kwenye mawe na lazima niiyeyushe kwanza kabla ya kuwasha tena. Baadhi ya vipande natia karafuu, vingine hiliki. Kazi ya mwisho, ile ya kuipoza na kuipasha ili ing'ae na ivunjike kwa mlio, naifanya saa tisa za usiku. Joto letu la kaskazi mnalijua: mafuta ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, na jiko langu mchana linakaribia hapo. Nashusha mpaka 27, napandisha mpaka 31, hapo hapo namimina. Nikikosea kidogo tu, baada ya siku chache kuna weupe juu kama vumbi la chokaa.

Nauza kwenye maduka mawili ya Mji Mkongwe na hoteli moja ya Nungwi. Kwenye pakti nimechapisha: "Kakao ya Tanzania, imenunuliwa kwa haki." Hayo maneno matatu ya mwisho ndiyo yaliyonileta hapa.

Siku nilipopeleka mzigo hotelini, mgeni mmoja, mama mtu mzima, aligeuza pakti akaniuliza kwa upole kabisa: mkulima wa kakao hii alilipwa kiasi gani? Nikamwambia alilipwa vizuri. Akauliza, vizuri ni shilingi ngapi? Nikanyamaza. Bei ninayoijua ni ile niliyomlipa dalali wangu wa Dar. Mkulima simjui, kijiji chake sikijui, hata mkoa naambiwa tu kwa simu, "hii ya Kyela dada, safi kabisa."

Nikarudi nyumbani nikafungua polo jipya la kilo 50. Nikachukua kisu cha kumenyea embe, nikakaa barazani, nikapasua punje 100 kwa urefu, moja moja. Aliyenifundisha kazi hii aliniambia punje iliyovundikwa sawasawa, yaani iliyofunikwa ikachachuka kabla ya kuanikwa, ndani yake ni ya kahawia, na imepasukapasuka kama bonde la mpunga lililokauka. Zangu za namna hiyo zilikuwa 61. Nyengine 27 zilikuwa zambarau. 8 za kijivu, zimeshikana ndani kama jiwe la kunolea. 4 zina ukungu. Na hilo ndilo polo nililoambiwa ni la daraja la juu.

Kuna watakaosema najitaabisha bure. Lakini mimi ni mjukuu wa karafuu. Babu yangu mzaa mama alikuwa na mikarafuu Mtambwe, na sote tunajua mashamba yetu yalianzwa na mikono ya nani, mpaka utumwa ulipofutwa kisheria 1897. Kakao nayo ina khabari hiyo hiyo. Kule São Tomé Wareno walikuwa wakipeleka watu kutoka Angola, kwenye karatasi wanaitwa wafanyakazi wa mkataba, na kurudi kwao harudi mtu. Makampuni makubwa ya Uingereza, Cadbury mmojawapo, yalijua kwa miaka na hayakuacha kununua mpaka 1909. Na si mambo ya kale tu: utafiti wa NORC, taasisi yenye uhusiano na Chuo Kikuu cha Chicago, uliotoka 2020, ulikadiria watoto milioni 1.56 wanaotumikishwa kwenye kakao ya Ivory Coast na Ghana, nchi mbili ambazo kwa pamoja hutoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia. Kwa hiyo neno haki kulichapisha hivi hivi, kwa sababu linapendeza, naona nimefanya jambo baya.

Ninunue kakao yenye nembo ya biashara ya haki? Nifunge safari ya Kyela? Mimi kwa mwaka natumia kilo 200 tu, nani atanisikiliza? Au nilifute neno lenyewe?

Mkulima_Ipinda (Kyela)

Dada, pole na hongera. Punje zako 100 zimesema mengi kuliko dalali wako.

Mimi nalima kokoa, ndivyo tunavyoiita huku. Miti yangu iko chini ya migomba. Tukishapasua matunda, punje zikiwa bado na ule utelezi wake mtamu, tunazimwaga kwenye sanduku la mbao na kulifunika kwa majani ya migomba. Siku 6. Kila baada ya siku mbili tunazigeuza, ya chini ije juu. Siku ya tatu ukiingiza mkono katikati huwezi kuuacha, joto linafika nyuzi 45 na kupita, na harufu ni ya siki kali inayokutoa machozi. Hapo ndipo ladha ya chokoleti inapozaliwa. Kisha kuanika kwenye vichanja, wiki nzima au zaidi, kwa sababu Kyela mvua haituachi na mara kumi kwa siku unakimbia kufunika. Tunaacha unyevu ukibaki asilimia 7 hivi. Katika kilo 100 mbichi unabaki na kilo 35 mpaka 40 kavu.

Sasa hesabu siku hizo. Ni nusu mwezi kuanzia kupasua mpaka kupata hela. Mtu ana mgonjwa ndani, au mtoto amerudishwa shule kwa michango. Anakuja mlanguzi na pesa mkononi, anataka kokoa mbichi leo hii, au hata iliyoko bado mtini. Mkulima anauza. Mlanguzi yeye hana sanduku wala subira, anaianika juu ya turubai siku tatu, anaichanganya na nyingine, inaingia kwenye gunia. Zambarau zako ni kokoa iliyovundikwa haraka haraka. Za kijivu hazikuvundikwa kabisa. Hizo 8, dada, ni shida ya mtu.

Kokoa inayopita njia halali inapelekwa ghalani kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, kwa mfumo wa stakabadhi ghalani (unapewa risiti ya mzigo wako), na inauzwa kwa mnada. Bei ya mnada inasomwa mbele ya watu, na makato ya mkulima yanajulikana. Kwa hiyo mwulize dalali wako: AMCOS gani, mnada wa tarehe ngapi? Akishindwa kujibu hayo mawili, umeshapata jibu lako.

Na usidhani ukubwa ndio unaosikilizwa peke yake. Kijijini Mababu, hapa hapa Kyela, kikundi cha wakulima kinauza moja kwa moja kwa Shawn Askinosie, mtengenezaji wa Missouri, Marekani. Anafika mwenyewe na anagawana nao faida. Na yeye si kiwanda cha kutisha.

MsagajiKigamboni (Dar es Salaam)

Bi Mtambwe, mimi pia nasaga, na swali la nembo nimeshalipitia.

Nembo ya Fairtrade, hiyo ya biashara ya haki, ina msaada wake, lakini ijue inavyofanya kazi. Tangu Oktoba 2019 kima cha chini cha bei yake kilikuwa dola 2,400 kwa tani, na juu yake dola 240 za kikundi cha wakulima. Soko likiwa chini, hiyo ni ngao ya kweli. Ila Desemba 2024 bei ya dunia ilipita dola 12,000, na hapo kima cha chini hakikuwa na la kufanya. Mwaka uliofuata ikaanguka mpaka nusu. Halafu kuna jambo linalowashangaza wengi: kwa kakao, kanuni zinaruhusu kiwanda kuchanganya yenye nembo na isiyo na nembo, ilimradi hesabu ya kilichonunuliwa na kilichouzwa ilingane. Unaweza kuwa na nembo kwenye pakti na usijue punje iliyomo ndani imetoka wapi. Kwa mtengenezaji mdogo wa nchi hii hii inayolima kakao, naona ni kuzunguka mbali bila sababu.

Mimi nachukua ya Kilombero. Kampuni ya Kokoa Kamili, wako Mbingu tangu 2013, wananunua kakao mbichi kwa wakulima wadogo na kuivundika wenyewe mahali pamoja. Mkulima anapata pesa yake siku ile ile bila kumwendea mlanguzi, na punje zinatoka sawa. Hilo analolieleza kaka wa Ipinda, la mtu kushindwa kungoja nusu mwezi, wao wamelitatua kwa njia hiyo.

Kilo zako 200 tunaweza kuziunganisha na zangu kwenye mzigo mmoja. Ukivusha Unguja hakikisha una karatasi za afya ya mimea, bandarini Malindi watakuuliza.

MzeeKonde (Pemba)

Waalaykum salaam mwanangu. Watu wa Mtambwe nawajua, na huenda hata babu yako nilimuwahi.

Sisi karafuu ikishashushwa mtini inachambuliwa usiku ule ule, makonyo mbali karafuu mbali, na asubuhi iko juani kwenye jamvi. Ukiirundika ikalala na joto lake inapauka, na kituoni wanaiteremsha daraja. Kumbe kakao bila kurundikwa haiwi kakao. Nina mikakao miwili nyuma ya nyumba, wajukuu wananyonya ule utelezi na kutupa punje, na mimi nilidhani ndiyo faida yake yote.

La kakao silijui, la bei nalijua. Huku mwenye shamba, mchumaji, hata mtoto wa skuli anayeokota zilizoanguka chini ya mkarafuu, wote wanaijua bei ya kilo, maana ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, huitangaza kwa daraja. Kuna miaka ilikaa kwenye 14,000 kwa daraja la kwanza. Wapo walioridhika nayo na wapo walioona wameonewa, na wa magendo walipita njia zao. Lakini walikuwa wakibishana juu ya tarakimu inayojulikana.

Yule mama hakukuuliza kama wewe ni mtu mwema, mwanangu. Alikuuliza shilingi ngapi. Basi andika shilingi ngapi. Neno haki muachie anayesoma alipime mwenyewe.

BintiMtambwe (Jang'ombe, Unguja)

Mzee wangu, shikamoo. Nimekaa na maneno yako tangu alasiri.

Nimempigia dalali. Nikamuuliza AMCOS gani na mnada wa tarehe ngapi, kama alivyoniambia kaka wa Ipinda. Akasema, "Dada, wewe unataka kakao au unataka kesi?" Akakata simu. Sitanunua tena kwake.

Nilikuwa na pakti tupu 340 zilizochapishwa. Nimeshinda na mdogo wangu tunafuta "imenunuliwa kwa haki" kwa kalamu nyeusi, moja baada ya moja. Zinaonekana mbaya, najua, na duka moja limeshaniambia halizitaki hivyo. Nitawapa pakti nyengine zikiwa tayari. Polo lile nimelichagua punje kwa punje kwenye sinia, ukungu na kijivu nimetoa, nikabaki na kilichofaa kusagwa. Hicho nitakiuza bila kudai lolote juu yake zaidi ya "kakao kutoka bara."

Pakti mpya nataka isomeke hivi: jina la kijiji au kikundi, tarehe ya mnada au ya manunuzi, mkulima alipokea shilingi kadhaa kwa kilo, mimi nilinunua kwa shilingi kadhaa, na kipande hiki kinauzwa shilingi kadhaa. Tarakimu tatu, pamoja na tarehe, kwa sababu nimeona bei inavyoruka, na ya mwaka huu haitakuwa kweli mwakani. Zitakaa mbele, chini ya jina, kwa herufi za ukubwa ule ule. Kama mkulima amepata kidogo, kitaonekana, na mimi nitaulizwa. Ndivyo ninavyotaka. Bei yangu itabidi ipande, na nimeshamwambia mwenye hoteli kabla hajaniuliza.

Kaka wa Kigamboni, kwa mzigo huu wa kwanza niunganishe na wako wa Kilombero, kilo 60, na naomba risiti inayoonyesha kilicholipwa kwa kilo mbichi na siku yake. Karatasi za kuvushia nitazishughulikia mimi huku.

Kaka wa Ipinda, za msimu ujao nazitaka za kwenu. Nitumie kwa ujumbe wa faragha jina la AMCOS yenu na siku mnazopasua. Nina ndugu Mbeya mjini wa kufikia, na nikitoka hapa kwa boti ya alfajiri nitapata basi la jioni Dar. Nataka nifike siku ya tatu ya sanduku, kabla hamjaligeuza mara ya pili, niingize mkono.