Mjadala: Akiba ya mtoto ihesabiwe mali ya kaya inayopokea ruzuku ya TASAF?

Hoja iliyoletwa: mama mmoja mjini Tanga yuko kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania. Mwanawe wa darasa la sita ana akaunti ya benki yenye 312,000. Majirani wanataka mama aondolewe kwenye orodha. Tuseme nini? (Kila msemaji ametajwa kwa eneo lake la Tanga.)

Wa Makorora: Ihesabiwe. Mtoto wa miaka 12 hana mshahara, kila shilingi iliyomo imetoka kwa mtu mzima. Tukifumba macho hapa, mwenye nacho atahamishia chake kwa mwanawe, na kaya yenye njaa kweli itabaki nje ya orodha.

Wa Chumbageni: Ndugu yangu, hiyo 312,000 ni elfu mbili kila wiki kwa miaka mitatu. Huo ni utajiri gani? Tena tuangalie kaya inavyopatikana, maana tunabishania fomu ambayo wengi hawajaiona. Kwanza yanachaguliwa maeneo, kisha mkutano wa mtaa unataja majina, kisha dodoso linajazwa nyumbani kwa mlengwa. Dodoso hukisia hali ya maisha kwa vinavyoonekana: idadi ya watu, makuti au bati, sakafu ya udongo au saruji, choo, taa, mifugo. Halipekui salio la benki. Sasa tazama kichekesho: pesa ikilala benki, kaya ni maskini. Mama akiitoa akaezeka bati, kaya imepanda. Pesa ni ile ile!

Wa Pongwe: Na ndiyo maana watu hawaponzwi na dodoso, wanaponzwa na mkutano. Mmoja akinyoosha mkono akasema "huyo mwanawe anaweka benki", wengine wanaitikia na jina linakatwa bila mtu kuuliza ni kiasi gani wala ni cha nini. Mwenyekiti wa mtaa aulize palepale mambo matatu: akaunti ina jina la nani, pesa imetoka wapi, na nani anaitoa. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari, ili mama akilalamika kuwe na kitu cha kusoma.

Wa Raskazone: Uingereza wamelikata hili kwa sheria. Kwenye ruzuku yao ya Universal Credit, akiba ya mzazi hadi pauni 6,000 haiguswi. Ikizidi hapo, kila pauni 250 au sehemu yake inahesabiwa kama kipato cha pauni 4.35 kwa mwezi, na ikizidi 16,000 hupati kitu. Akiba ya mtoto hawaijumlishi na ya mzazi. Lakini mzazi akihamishia pesa yake kwa mtoto kusudi apate ruzuku, wanamhesabia kana kwamba bado anayo mfukoni. Kwa hiyo hofu ya wa Makorora ina dawa, bila kumwadhibu mtoto.

Wa Makorora: Wenzetu wana taarifa za benki za miaka nyuma. Huku mtu ana kibubu cha mbao kilichopigiliwa misumari. Utakipekua?

Wa Ngamiani: Kibubu hapana, ila benki na kikundi inawezekana, dada. Kosa kubwa liko kwenye vikundi vya hisa, vile vya kuweka na kukopa. Sanduku lina kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, hesabu safi kabisa, halafu mama ananunua hisa mbili zake na moja ya mtoto, zote zinagongwa mhuri kwenye kitabu kimoja. Siku ya mgawo anaonekana amebeba pesa nyingi, na mtaa mzima umeona. Afungue kitabu cha pili chenye jina la mtoto. Kwenye simu ni vivyo hivyo: laini imesajiliwa kwa alama ya vidole vya mama, basi hata zawadi ya Idi ya mtoto inasomeka ni ya mama. Kwa mtoto, benki ndiyo salama. Unakwenda na cheti chake cha kuzaliwa na kitambulisho chako, na kila stakabadhi unaiandika nyuma: "zawadi ya shangazi", "mauzo ya mayai". Stakabadhi za benki hufifia wino, kwa hiyo andika kwa kalamu.

Wa Pongwe: Na ruzuku yenyewe isiingizwe humo. Ile ni ya chakula, kliniki na shule. Ukiichanganya na akiba ya mtoto umempa anayekuchongea ushahidi.

Wa Makorora: Haya, zawadi na mayai nakubali. Lakini kuna wanaosema hata mbuzi ni wa mtoto. Mbuzi huyo anachungwa na nani, na maziwa yanaingia chai ya nani?

Wa Chumbageni: Mbuzi mhesabie mama. Yuko uani, dodoso linamwona.